Pikapu kwa Kirikuu

Abdulatif wa Ujiji akishapeana mkono na mtu, huangalia kama vidole vyake vimerudi vyote. Simsingizii. Muulizeni mkewe, Hasna, ambaye hajawahi kumwekea mumewe chai akainywa bila kuinusa kwanza. Wala hanusi kwa ubaya, ndivyo alivyo. Dukani huifungua sukari palepale mbele ya muuzaji, na msikitini viatu vyake huviweka mahali anapoweza kuvitupia jicho.

Kazi yake ilikuwa kubeba dagaa wakavu kutoka ufukweni Katonga kwenda soko la Mwandiga kwa pikapu yake ya bluu. Na pale Katonga wana utaratibu wao. Mama muuzaji hamsubiri dereva. Huleta gunia lake, hulipandisha kwenye bodi ya gari analoliamini, hufunga mdomoni kipande alichokichana kwenye kitenge chake cha zamani, kisha huyoo, anarudi kwenye chanja zake za kuanikia dagaa. Kule Mwandiga mteja wake anacho kipande kingine cha kitenge hicho hicho. Vitambaa vikilingana, gunia ni lake. Hakuna karatasi wala kuandikishana. Ukiona gari limejaa magunia na dereva wake hayupo, ujue dereva huyo ana jina. Pikapu ya Abdulatif ilijaa kabla hajamaliza chai, na hilo lilimpa kula na kumpa kiburi.

Kitu kimoja tu alikiongeza yeye. Zamani kidogo gunia moja lilikutwa na dagaa wabichi chini, na mteja akamgombeza yeye dereva mbele za watu. Tangu hapo hakuna gunia lililoondoka Katonga bila yeye kulifungua, kutia mkono hadi kiwikoni, kuchota dagaa wa chini, kuwanusa na kumtafuna mmoja. Akina mama walimtazama, wakanyamaza. Naye akauchukua ukimya wao kuwa ni kukubali.

Sasa ile pikapu ilikuwa inakula mafuta, usiseme. Bei ilipopanda kituoni, Abdulatif alianza kuzima injini kwenye miteremko, mpaka abiria aliyempa lifti akaomba kushuka.

"Baba Lulu," Hasna alimwambia, "hilo gari linakula kuliko mimi, wewe na mtoto. Tutalilisha mpaka lini?"

Ndipo alipojitokeza Meshack, mfanyabiashara wa mawese wa Mwandiga. Alikuwa na kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo ambavyo dereva anaikalia injini yenyewe, na ambavyo lita chache za petroli zinakutosha kutwa nzima. Biashara yake ilikuwa imekua, madumu hayatoshi tena kwenye bodi. Akaja Ujiji, akaamkia, akasema kirikuu chake hakili mafuta, na anaomba wabadilishane. Gari kwa gari, mtu asimwongeze mwenzake kitu.

Machale yakamcheza Abdulatif. Mji mzima unayakimbia magari yanayokula mafuta, huyu analifuata moja nyumbani kwa mwenyewe. Kuna nini? Alikipeleka kirikuu kwa Nehemia, fundi wa Mwanga, na Nehemia akakiingia uvunguni, akatoka, akasema ni kizima. Basi Abdulatif akaanza kumshuku Nehemia. Akainua mazulia, akaiangalia kadi ya gari kwenye mwanga wa jua, akapita Katonga nzima akiuliza: huyu Meshack mnamjua? Watu wake ni kina nani? Akina mama wakajibu kwamba ni kijana wa watu, hana neno. Jibu hilo nalo hakulipenda.

"Apa kwamba halina ubovu," akamwambia Meshack mwenyewe.

"Mzee wangu, sisi kanisani kwetu hatuapi."

Abdulatif akakunja uso. Asiyetaka kuapa ana lake jambo.

"Lakini Mzee," Meshack akaendelea kwa upole, "mimi mbona sijakuuliza pikapu yako ina nini?"

Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Mtu asiyeuliza, alimwambia Hasna, ni mtu anayejua tayari. Hasna akavuta shuka, akamgeuzia mgongo.

Hata hivyo wakabadilishana, maana tumbo la pikapu lilimshinda. Siku hiyo hiyo Abdulatif alibandika kipande cha plasta kwenye kioo cha geji ya mafuta, pale pale mshale uliposimama. Alitaka kuona kwa macho yake jinsi utakavyoanguka.

Asubuhi iliyofuata alichelewa, kwa sababu alikizungusha kwanza kirikuu mitaa ya Ujiji akisikiliza kama kuna kinachogonga. Alipofika Katonga aliegesha mahali pake pa siku zote, akashuka, akangoja. Chanja zimeinamiwa, akina mama wanageuza dagaa, hakuna gunia hata la dawa. Mvuvi mmoja aliyekuwa akikunja wavu akamwambia magunia yameshaondoka kitambo. Yameondoka na pikapu ya bluu.

Kumbe ndiyo maana! Meshack hakuwa na shida ya gari, alikuwa anataka jina. Akina mama wameona bluu waliyoizoea, wakapakia bila kuuliza, na sasa magunia ya watu yako mikononi mwa mtu asiyeapa. Yakipotea, atakayedaiwa ni Abdulatif. Ameingizwa mjini mchana kweupe! Alikikanyaga kirikuu, akapita Mwanga akipiga honi njia nzima, na kwa mara ya kwanza hakukumbuka mafuta.

Pikapu aliikuta Mwandiga, bodi iko wazi, na Meshack amesimama na mteja wakilinganisha kipande cha kitenge na kipande cha kitenge.

"Mwakeye, Mzee Abdulatif," Meshack akamwamkia kwa Kiha. "Shikamoo."

Abdulatif hakuitikia. "Umechukua magunia ya watu kwa jina la nani?"

"Nilikwenda Katonga kushusha mawese yangu kwenye boti. Kugeuka, naona bodi imejaa. Nikawaambia, jamani, hili gari limepata mwenyewe mwingine. Wakanijibu, tunajua, wewe peleka."

"Uongo!"

Akapanda kwenye bodi kukagua. Mkono wake, kwa mazoea yake, ukaenda mdomoni mwa gunia la kwanza kutafuta fundo, na haukuliona. Gunia lilikuwa limeshonwa. Akashika la pili, limeshonwa. Yote yalikuwa yameshonwa kwa kamba, nyuzi za karibukaribu zilizokazwa vizuri. Miaka yote aliyobeba dagaa, hakuna mama aliyewahi kumshonea gunia. Ya nini, na yeye anafungua? Kushona hivi si kazi ya kubabaisha kwa dakika chache gari likingoja. Anayeshona hivi ameshona tangu jana, akijua ni nani atakayebeba. Na habari hiyo, nani aliitangaza Katonga nzima kama si yeye mwenyewe na maswali yake?

Akashuka polepole. Meshack alimpa mkono amsaidie, naye akaushika bila kuhesabu vidole.

Alirudi Katonga akiwa na hasira iliyochanganyika na woga, na woga ulikuwa mwingi zaidi. Akamwendea Bi Kuruthumu, mteja wake wa zamani kuliko wote, aliyekuwa akiokota vijiti kwenye dagaa wake.

"Bi Kuruthumu, leo mmekosea gari."

"Hatujakosea, Baba Lulu."

"Kwani nimewahi kupoteza gunia la mtu?"

"Hujapoteza hata moja. Mwenyezi Mungu ni shahidi."

"Nimewahi kuchelewesha?"

"Hujachelewesha."

"Sasa?"

Bi Kuruthumu akaweka kando ungo wake. "Unatia mkono. Mimi nimeamka na giza, nimeanika, nimegeuza, nimetoa mchanga kwa vidole hivi. Halafu unakuja unatia mkono mbele za wenzangu, unanusa, kana kwamba umenikamata naiba. Kila siku, Baba Lulu. Yule aliyekuletea dagaa wabichi alishahama zamani, tukabaki sisi kulipia. Tulinyamaza kwa sababu gari la kuaminika lilikuwa moja."

Abdulatif aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Angependa mtu amwambie ameibiwa. Wizi angeujulia pa kuanzia.

"Gunia langu moja nimelijaza pikapu imeshaondoka," Bi Kuruthumu akasema. Pengine alimwonea huruma, pengine alitaka tu gunia lifike. "Lichukue."

Lilikuwa pale kando ya chanja, limefungwa fundo tu. Akina mama wa karibu wakaacha kugeuza dagaa. Abdulatif akainama, akaligusa lile fundo. Vidole vyake vililijua fundo hilo kuliko vilivyojua vifungo vya kanzu yake.

"Hili mbona hukulishona?"

"Si utafungua."

Abdulatif akanyoosha mkono. Kisha akasema, "Nipe sindano."

Akachuchumaa mchangani, akalishona mwenyewe. Alishona vibaya, kamba ikapinda, uzi mmoja huku mwingine kule, na mama mmoja akashindwa kujizuia akacheka. Hakuinua uso. Alipomaliza, Bi Kuruthumu akafunga kitambaa chake juu ya mshono ule uliokwenda upande, wakalipandisha pamoja kwenye bodi. Likakaa peke yake katikati.

Njia nzima alilisikia likiteleza huku na huku nyuma yake. Alipofika Mwandiga, kabla ya kushuka, alitazama geji. Mshale ulikuwa bado umegusa plasta, umeshuka unywele tu. Meshack alikuwa amesema kweli tupu. Kirikuu hakikula mafuta, na kingekulaje, kwa gunia moja?

Abdulatif akaibandua plasta kwa ukucha, akashuka kumtafuta mwenye kitambaa.