Ubao wa Kumpimia Mjukuu Wangu

Kwetu Bukavu mtoto hapimwi urefu amelala. Anayepimwa amelala ni maiti, na anayempima ni seremala. Kwa hiyo siku watu wa utafiti walipoingia Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, na ubao wao, wenye kizuizi upande wa kichwa na kipande cha kusukuma upande wa miguu, wamama wa mtaa wetu waliona sanduku. Sanduku dogo lisilo na mfuniko.

Mjukuu wangu alikuwa na majuma mawili. Walimwandika kitabuni pamoja na watoto wengine waliozaliwa kambini mwaka ule, wakasema watawafuata mpaka wawe watu wazima, waone mwili wa mtoto unajengwa na nini na unabomolewa na nini. Nilikubali kabla hawajamaliza kusema. Maisha yangu yote, walionifuata walikuwa na bunduki. Hawa walikuja na mizani. Tena mimi siku yangu ya kuzaliwa haijulikani. Kadi yangu inasema Januari tarehe moja, sawa na majirani zangu wote, kana kwamba mama zetu walipeana ahadi. Nilitaka mmoja wa damu yangu awe na kitabu kisichobahatisha.

Binti yangu, mama wa mtoto, alimvuta mtoto kifuani kabla wino haujakauka. Ningejua, ningeogopa ile haraka.

Mtoto alipotimiza miezi sita wapimaji walirudi, nami siku hiyo niko sokoni Dowa. Binti yangu akamficha mtoto ndani, akaazima mtoto wa jirani yetu wa Kindu, mwanamke asiyeogopa ubao wala mchawi. Kumbe mtoto wa jirani alikuwa mkubwa, ameshaanza kusimama! Wakamlaza, wakampima, wakaandika.

Hilo sikuambiwa. Mwaka ulipotimia nikampeleka mjukuu mwenyewe, nimemfunga mgongoni, nimevaa kitenge cha kanisani, binti yangu anafuata nyuma. Msichana wa vipimo, mkimbizi mwenzetu anayeniita koko, yaani bibi, akaangalia ubao, akaangalia kitabu, akarudi kwenye ubao.

"Koko, huyu mutoto amefupika."

"Mutoto anafupikaga?"

"Njo hiyo nakuuliza weye."

Nikamtazama binti yangu. Alikuwa anahesabu vidole vyake vya miguu. Akasema yote pale pale, analia.

Mkubwa wao, daktari wa Lilongwe, akazungumza Kichewa, msichana akatafsiri: kitabu kikiingiwa na uongo hakina kazi tena. Mtoto atafutwa kitabuni.

"Kumufuta? Mutoto amekosa nini? Mwongo ni mama yake, na huyo mwongo ni mi njo nilimuzaa. Munifute mi!"

Wamama walikuwa wameshajaa kwenye uzio. Mmoja akapaza sauti: "Muache bamufute! Unamutafutia mutoto sanduku ya nini?"

Hapo damu ikanipanda. Nikavua viatu, nikafunga kitenge vizuri, nikalala juu ya ule ubao mbele ya wote. Kichwa kikagusa mbao, mgongo ukaenea kidogo, makalio na miguu vikabaki kwenye vumbi.

"Pima!"

"Koko, ubao hautoshi."

"Andika hivyo. Halafu muambie daktari: nikikufa juma hii, amufute mutoto. Nisipokufa, mutoto anabaki."

Daktari alicheka mpaka akashika miwani. Kisha akaacha kucheka, akainama, akaninyanyua kwa mikono miwili. "Zikomo, agogo," akasema, yaani asante, bibi. Akachukua kalamu nyekundu, akakata mstari mmoja tu, ule wa uongo. Mtoto akabaki. Lakini, akasema, asikose kipimo tena.

Juma lile wamama walikuja mlangoni kila asubuhi, wakijifanya wanaomba chumvi. Niliwapa chumvi. Nilikuwa mzima.

Mtoto alipofika mwaka na nusu malaria iliniangusha, na binti yangu ndiye aliyempeleka. Alimlaza kwenye ubao kwa mikono yake, macho amefumba. Sikumdai neno lingine.

Baadaye tulihamia Chinsapo, mtaa wa Lilongwe, binti yangu anashona, mi nauza maandazi. Wenzetu wakasema, achaneni na kitabu, Dzaleka ni mbali. Mbali na nini? Mi nilitembea kutoka Kivu. Kila mwaka tukapanda minibasi, kisha kabaza, zile baiskeli za abiria, mjukuu mbele kwenye baiskeli moja, mi nyuma kwenye nyingine, natukana mashimo.

Alipofika miaka kumi, wakaanza kumuuliza mwenyewe kama anakubali kuendelea. Akaniangalia.

"Usiniangalie mi. Mwili ni wa nani?"

Akaomba kwanza aone kitabu. Wakampa. Alikisoma polepole, kidole kinashuka, mpaka kikasimama kwenye ule wino mwekundu.

"Koko, hapa ni nani?"

"Ni mutoto wa jirani. Mama yako alikuwa anakuogopea."

Alicheka. Akavua viatu, akasimama kwenye kipimo, shingo wima, visigino ukutani. Msichana wa vipimo, ambaye sasa ni mama mzima, akashusha kile kibao kichwani.

"Ngoja usiandike," mjukuu akasema. "Nasoma mi mwenyewe."

Mi shule niliacha darasa la tatu, tarakimu zao ndogo sizioni. Nikamwambia asome kwa sauti, na mlango wauache wazi, wamama wa nje nao wasikie.