Mwenyekiti Aliyepiga Simu Redioni

Mama Vifungo hakuomba kuwa mwenyekiti wa kamati ya redio. Alikwenda kwenye mkutano wa wasikilizaji kwa sababu moja tu: alikuwa ameishonea studio mapazia mazito, yale ya kuzuia kelele za barabarani zisiingie kwenye kipaza sauti, na alitaka kuona yametundikwa vipi. Akakuta yametundikwa ndani nje. Akakaa nyuma akinung'unika kimoyomoyo, na wakati wa maswali ulipofika akanyoosha mkono. Watu walidhani atauliza habari za mapazia. Yeye, sijui lilimjia kutoka wapi, akauliza hii redio inayoitwa ya jamii, kukitokea la kutokea, wa kuulizwa ni nani.

Meneja wa redio akakohoa. Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye katibu wa kamati, akasema hilo ni swali zito, na mtu mwenye maswali ya namna hiyo ndiye hasa anayefaa kuongoza. Mikono ikapanda. Mama Vifungo akageuka kutazama nyuma yake aone anachaguliwa nani. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

Jina lile alipewa na wateja. Alikuwa harudishi nguo kwa mwenyewe mpaka avute kila kifungo mara mbili, hata kama nguo aliipokea kwa kupunguza pindo tu. Cherehani yake ilikaa kwenye chumba cha mbele cha nyumba, dirisha likitazama barabara, na juu ya kabati la vitambaa palikuwa na redio iliyonguruma tangu asubuhi mpaka taa zinapowashwa. Aliijua sauti ya kila mtangazaji kama anavyojua mwendo wa sindano. Lakini kuisikiliza redio ni jambo moja, na kuiongoza, aligundua upesi, ni jambo ambalo hata wanaoiongoza hawakubaliani ni nini.

Redio yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Unapanda ngazi za chuma, unapita kontena la misumari, unafika kwenye mlango wenye karatasi iliyoandikwa "Kimya, tuko hewani." Kuta za studio zilibandikwa trei za mayai. Chumba cha pili kilikuwa ofisi, na kilikuwa na viti sita. Kamati ilikuwa ya watu tisa. Vikao viwili vya kwanza, mwenyekiti alisimama, na hakuna aliyeona ajabu.

Miezi mitatu ikapita hivyo, akitia sahihi mahali alipoonyeshwa. Kisha likaja suala la bomba.

Kila asubuhi kulikuwa na kipindi cha saa moja ambacho watu hupiga simu kueleza kero zao. Mtangazaji wake alikuwa dada mmoja aliyeitwa Kasuku kwa jinsi maneno yalivyomtoka mbio. Jumatatu moja mzee mmoja akapiga simu akasema bomba la mtaa limekauka wiki mbili sasa, na kwamba aliyelifunga ni diwani, ili watu waende kwenye matangi yake ya maji. Simu ya pili ikasema hivyo hivyo. Ya tatu ikaongeza chumvi. Kufika Jumatano, mtaa mzima ulikuwa na hakika, na watoto walimwimbia diwani akipita.

Tatizo ni kwamba diwani alikuwa kaka mkubwa wa mume wa Mama Vifungo.

Alikuja Jumamosi mchana, akakaa kwenye stuli ya wateja, magoti yakiwa karibu na kidevu. Akaulizia watoto, akaulizia kazi, akasifu kitambaa kilichokuwa mezani. Mama Vifungo akaendelea kukanyaga cherehani polepole, akijua yaliyomleta.

"Shemeji, si wewe ndiye mwenyekiti?"

"Ndiyo, shemeji. Ndivyo wanavyosema."

"Basi ni neno moja tu kutoka kwako. Mwambie yule binti kipindi kisimame."

Alimjibu kwamba ataangalia. Diwani akainuka, akajipangusa suruali, halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akasema mnara wa redio umesimama kwenye kiwanja cha halmashauri, na mwezi ujao halmashauri inakaa kuzungumzia viwanja vyake vyote.

"Simtishi mtu," akasema. "Nakueleza ratiba tu."

Jumatatu Mama Vifungo akafunga kazi mapema, akapanda ngazi za chuma. Meneja alimpokea kwa furaha kama mtu aliyeletewa mwavuli mvua ikinyesha. Aliposikia aliyosema diwani, akamwambia hii ndiyo kazi ya mwenyekiti hasa, kuwakinga wanahabari dhidi ya wakubwa. Akafungua droo, akamkabidhi katiba ya redio, kurasa kumi na moja zilizobanwa kwa pini moja. Kifungu cha tisa kilisema kamati itasimamia redio kwa niaba ya jamii. Kifungu cha kumi na nne kilisema kamati haitaingilia yanayotangazwa. Mama Vifungo akasoma cha tisa, akasoma cha kumi na nne, akarudi cha tisa. Akauliza unasimamiaje kitu usichokigusa. Meneja akatabasamu, akasema hapo ndipo penyewe.

Hakuelewa hapo ni wapi. Akaenda kwa mwalimu mstaafu, ambaye alimweleza kwa muda wa nusu saa habari za uhuru wa habari, uwajibikaji na ushirikishwaji wa wananchi, kidole kikiwa juu. Mama Vifungo aliingia kwa mwalimu na swali moja akatoka na matatu.

Akarudi redioni, na kwenye ngazi akakutana na Kasuku akiteremka. Akamuuliza tu, bila kujipanga, kama diwani aliwahi kupigiwa simu aulizwe kuhusu bomba.

Kasuku akasema hapana. Meneja alisema diwani akiulizwa atawahi kuzima habari.

"Na hiyo ndiyo kawaida? Anayesemwa haulizwi?"

"Inategemea anayesemwa," Kasuku akasema. Akatazama juu mlangoni, akashusha sauti. Kumbe mwezi uliopita kuna mama alipiga simu kulalamika kwamba Jumapili studio inafungwa, vijana wa kwaya na wa michezo wanakosa vipindi vyao, kwa kuwa meneja anafundishia humo masomo yake ya ziada.

"Mbona mimi sikumsikia?"

"Simu ilikatika."

"Ilikatika?"

"Ilikatwa, mama."

Mama Vifungo alirudi nyumbani kichwa kikimzunguka. Ameambiwa aikinge redio dhidi ya diwani. Sasa ni nani wa kuikinga dhidi ya meneja? Na yeye mwenyewe, shemeji wa mmoja na bosi wa mwingine, bosi asiyeruhusiwa kusema kitu, alisimama upande gani? Alipojaribu kulipanga jambo hilo, kila kipande kilitaka kukaa mahali pa kingine.

Jua lilikuwa halijazama walipokaa kula. Mumewe alikuwa fundi bomba wa idara ya maji, mtu wa maneno machache, anayekula kama anayetengeneza kitu. Mama Vifungo akamweleza yote, ya kaka yake, ya meneja, ya vifungu. Mume akatafuna, akameza, akanywa maji.

"Ile koki niliifunga mimi," akasema.

Mama Vifungo akaweka kijiko chini.

Ikawa hivi: bomba kubwa lilipasuka karibu na soko, na wakuu wa idara wakamtuma afunge koki ya mtaa mpaka kipande cha kuungia kipatikane. Alifunga kwa mikono yake, mchana kweupe, watu wakipita. Diwani hakuwepo wala hakutajwa.

"Na redio inapiga kelele humu ndani siku nzima! Wiki nzima wanamsema kaka yako na wewe unakula tu?"

"Hakuna aliyeniuliza," mume akasema. Kisha, baada ya kufikiri: "Na ningesema, wangesema namtetea ndugu yangu."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomchosha zaidi. Akauliza mbona basi halijatengenezwa mpaka leo. Mume akasema kipande kilishafika siku kumi zilizopita. Kipo stoo ya halmashauri. Kinangoja sahihi.

"Sahihi ya nani?"

"Hapo ndipo nisipojua."

Basi diwani hakufunga bomba. Lakini matangi ni yake kweli, na watu wanapanga foleni hapo kweli, na kipande kimelala stoo kweli. Redio imesema uongo ulioshonwa kwa nyuzi za ukweli, au ukweli ulioshonwa vibaya, Mama Vifungo hakuweza kuamua. Akiamuru kipindi kisahihishwe, ameingilia. Akinyamaza, mtu anasemwa kwa kosa ambalo si lake. Akisimamisha kipindi kama shemeji anavyotaka, basi wa stoo wataendelea kulala.

Asubuhi iliyofuata alikuwa na mteja mmoja, mwanaume aliyekuja kufuata suruali. Kipindi kilipoanza, Mama Vifungo akamwomba asubiri kidogo, akachukua simu yake, akapiga namba ya redio, ile ile inayotangazwa kwa kila mtu. Ilikuwa na watu. Akapiga tena. Mara ya nne ikapokelewa, na sauti ya Kasuku ikamjia masikioni mara mbili, kwenye simu na juu ya kabati.

"Karibu msikilizaji, uko hewani, unapiga kutoka wapi?"

"Napiga kutoka kwangu," Mama Vifungo akasema. "Sipigi kama mwenyekiti. Napiga kama mtu anayechota maji. Subiri, kuna mtu hapa."

Akampa simu mumewe, aliyekuwa ameshavaa kiatu kimoja. Mume akaitazama simu kana kwamba inavuja. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya mezani, kwamba yeye ndiye aliyefunga koki, akaeleza kwa nini, akarudisha simu, akaendelea kutafuta kiatu cha pili. Mama Vifungo akamalizia. Akasema kipande kipo stoo kinangoja sahihi, na yeye hajui ni sahihi ya nani, na anauliza kama kuna aliyemuuliza diwani.

Kasuku akasema wasikilizaji wasiondoke, anampigia diwani sasa hivi.

Diwani alipokea bila kujua yuko hewani. Maneno yake mawili ya kwanza si ya kuandikwa. Alipoambiwa alipo, sauti ikabadilika kama mtu aliyevaa koti haraka. Akasema suala la sahihi halijamfikia mezani, lakini atafuatilia. Mteja wa suruali, aliyesikia yote akiwa amesimama na mfuko mkononi, akamuuliza Mama Vifungo kama sasa yeye na diwani wamegombana au wamepatana. Mama Vifungo akamwambia angejua angemwambia.

Alhamisi maji yakatoka. Nani alitia sahihi, hakuna aliyesema, wala redio haikupata jibu ilipouliza.

Watu wakaacha kumwimbia diwani. Wengine hata wakamsalimia. Lakini alimtumia mdogo wake salamu: amwambie mkewe kwamba mpaka leo hajui kama siku ile alimwokoa au alimuuza. Naye meneja akaitisha kikao cha dharura, akasimama na katiba mkononi, akasema mwenyekiti amevunja kifungu cha kumi na nne. Mwalimu mstaafu akasema hapana, alipiga simu kama msikilizaji. Meneja akasema mtu hawezi kuwa mwenyekiti Jumatatu na msikilizaji Jumanne. Mwalimu akafungua kifungu cha tatu, kinachosema mwenyekiti lazima awe msikilizaji. Wakavutana mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Mama Vifungo, aliyekuwa anafuatilia kila upande unaposema, aliona kila mmoja yuko sawa mpaka mwenzake anapofungua mdomo.

Wakapiga kura. Wanne wakasema amevunja, wanne wakasema hajavunja. Kura ya uamuzi ilikuwa ya mwenyekiti, ambaye ndiye mshitakiwa. Akakataa kuipiga. Katibu akaandika kwamba jambo limeahirishwa, bila kuandika mpaka lini.

Jambo moja tu lilipita siku hiyo. Mama Vifungo aliliomba kwa maneno machache: kuanzia sasa, yeyote anayelalamikiwa hewani apigiwe simu aulizwe, awe diwani, awe fundi, awe meneja, na simu ya mtu isikatwe kwa sababu ya anayesemwa. Alipotaja neno meneja, Kasuku, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitazama viatu vyake. Mkono wa meneja ulikuwa wa mwisho kupanda, ingawa hakuwa na kura. Kuhusu mnara, ilikuja barua fupi ya halmashauri kwamba suala hilo linaendelea kuangaliwa. Kila mtu aliisoma kwa zamu, na kila mtu akaielewa tofauti.

Wiki iliyofuata Mama Vifungo akakata shauri kujiuzulu. Alitaka kurudi kuwa mtu anayesikiliza redio bila kujiuliza kila neno ni kosa la nani. Akaandika barua, safi, kwa mkono, akampelekea mwalimu mstaafu. Mwalimu akaisoma, akausifu mwandiko, akamrudishia. Akasema kwa mujibu wa taratibu, barua zote za kujiuzulu hupelekwa kwa mwenyekiti, naye ndiye anayezijibu.

Akarudi nayo nyumbani. Akakaa kwenye cherehani, akaifungua, akaisoma tena polepole kama barua iliyotoka kwa mtu mwingine. Aliona hoja za huyu mama ni za kweli kabisa. Aliona pia kwamba haifai kumruhusu aondoke sasa. Alikuwa bado ameishika mteja alipobisha hodi na gauni la kupunguza mikono.