Mbio za Waliochelewa

Mwalimu Selina alikuwa amechoka, na mimi niliyefundisha darasa la jirani simlaumu. Kila alfajiri alitoka chumba chake cha kupanga Buguruni, akaja kwa miguu mpaka shuleni kwetu, nyuma ya soko la Kariakoo, kufundisha somo ambalo sisi wenzake tuliliona kama mapumziko. Lilikuwa somo la michezo. Muhtasari ulitaka mtoto ajengwe mwili na apende mazoezi. Hilo la kupenda ndilo lililomtesa.

Maana mwaka ule unga ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Watoto waliamkia kwenye foleni ya duka la ushirika, wakawashikia mama zao nafasi, ndipo waje shule jua limeshapanda. Mwalimu Mkuu, Eliakimu, aliwasubiri langoni. Aliyechelewa alizungushwa uwanja mbio, kisha akaruka kichurachura mpaka magoti yagome. Baadaye, saa ya somo, Selina aliwatoa watoto wale wale kwenye uwanja ule ule na kuwaambia, "Haya, kimbieni."

Hawakukimbia. Walitazamana.

"Mwalimu, tumekosa nini?" mmoja aliuliza.

Selina alimfuata Mwalimu Mkuu ofisini. Alimwomba atafute adhabu nyingine, hata kufagia, ila mbio amwachie yeye.

"Mwalimu Selina, fimbo ulinisihi nipunguze, nikapunguza," Eliakimu alisema. "Sasa na mbio unazitaka. Niwaimbie?"

Eliakimu hakuwa mtu mbaya. Watoto walikuwa wengi, madarasa machache, wengine wanaingia asubuhi na wengine mchana, na yeye dawa aliyoijua ni hiyo. Lakini kichwa kile kilikuwa kigumu, jamani.

Selina alikuwa amebakiza muhula mmoja arudi kwao Ndanda. Alitaka jambo moja tu kabla hajaondoka: amwone mtoto, hata mmoja, akikimbia kwa raha yake. Akamchagua Kuruthumu, binti wa mama mmoja mchoma vitumbua. Kuruthumu alikuwa mchelewaji sugu, na kwa kule kuzungushwa uwanja kila siku, hapakuwa na mvulana wa kumshika.

"Jumamosi utakimbia viwanja vya Jangwani, mbele ya shule zote," Selina alimwambia. "Umeelewa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Mtoto aliinamisha kichwa. Selina alidhani ni haya tu za kike.

Siku ya siku Kuruthumu aliwaacha wenzake mbali mno, mpaka watu wakasimama kumshangilia. Selina alisahau miguu inayomuuma. Alifurahi, nasema alifurahi kweli, akafungua kanga yake ili amfunike mshindi mabegani kama tunavyomtunza bibi harusi.

Kuruthumu alivuka kamba na hakusimama. Alikuja moja kwa moja mpaka kwa mwalimu wake, akapiga magoti vumbini, anahema.

"Nisamehe, Mwalimu," alisema. "Mama ameahidi kuanzia Jumatatu foleni ataenda mwenyewe. Sitachelewa tena."

Nyuma yake watu walikuwa bado wanapiga makofi.