Mtoto Aliyetaka Kunyolewa

Wateja walimwita msusi huyo Kidole Chepesi, na saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kirefu na soga zisizokwisha. Kipenzi chake kati ya wateja wote ni binti wa muuguzi jirani, mtoto wa darasa la tatu ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Akishapandishwa kitini tu, habari zote za shuleni zilimwagika.

Kisha mtoto akaanza kunyamaza. Mama yake alikuwa amebanwa na zamu, kwa hiyo aliyemleta kusukwa ni mwalimu wa tuisheni, mpangaji mwenzao, mtu wa watu, ambaye mtaa mzima ulimwita Anko. Anko ndiye aliyechagua mtindo, na alikaa pale pale mpaka msuko uishe. Kidole Chepesi alimsifia kwa moyo wake wa ulezi. Aliona mtoto akijikunja akiguswa shingoni. Aliona pia mtoto ana simu mpya ambayo mama mtu hakuwa na habari nayo. Akajisemea, ndiyo kukua huko.

Siku moja Anko alitoka nje kupokea simu. Mtoto akamtazama msusi kwenye kioo.

"Shangazi, ninyoe zote."

"Kwa nini, mama? Nywele nzuri hivi."

"Anko anapenda kuzinusa tukiwa wawili. Amesema ni siri yetu."

 Kidole Chepesi alikumbuka mara ngapi yule mtu aliinamia kichwa hicho akisema msuko umetoka safi, na yeye akacheka. Alijisikia kama aliyekula kitu kilichooza na kuomba kuongezewa. Hata hivyo hakupayuka, wala hakumchokonoa mtoto kwa maswali.

"Umefanya vizuri kuniambia," alimwambia taratibu. "Hujakosa kitu. Nakuamini."

Anko aliporudi, aliambiwa kazi bado mbichi, atangulie tu. Akatabasamu, akambonyeza msusi bega, akaenda zake. Bega lile Kidole Chepesi alilisugua kwa sabuni hadi likawasha, kisha akamshika mtoto mkono wakaenda moja kwa moja hospitali, kazini kwa mama yake.

Muuguzi kwanza alikuja juu: Anko ni kama ndugu yao, wanakula pamoja. Aliposikia habari za simu, akakaa chini koridoni na sare yake. Siku hiyo hiyo mtoto alionwa na daktari, na wakaenda polisi, dawati la watoto. Anko alikamatwa. Baadaye wazazi wengine wakajitokeza, nao wana yao ya kueleza.

Mtoto sasa huonana na mshauri. Kuna siku anaongea, kuna siku hataki.

Mtaani maneno hayakuisha. Mteja mmoja, kichwa kimesukwa nusu, alisema Anko alikuwa mpole mno kwa watoto, labda amesingiziwa tu. Kidole Chepesi akaweka kitana chini, akamfungulia mlango na kumwambia akamalizie kwingine.