Stesheni Iko Juu au Chini

Mwaka wa pili wa ndoa yetu, tulipokwisha kuuza kahawa, mimi na mume wangu tulishuka kutoka kwetu Kilema, mlimani, tukapanda treni Moshi, twende tukauone mji wa kale wa Mombasa. Tulizunguka kati ya zile kuta za mawe mpaka tukapotea. Mume wangu alimwuliza muuza kahawa mmoja kama stesheni iko juu au chini, maana kwetu kila njia hupanda mlimani au hushuka.

“Juu kuna kunguru tu, bwana,” alijibu yule mtu.

Nilimnunia mume wangu njia nzima ya kurudi kwa aibu aliyonitia. Tuliposhuka Moshi, wingu lilikuwa limeufunika mlima wote, lakini sote wawili tuligeukia upande mmoja, kule uliko mlima, bila kuulizana.