Mche wa sabuni ulivyomtoa rafiki yangu kwenye sinia gerezani

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mugonile.

Humu huwa nasoma tu na kuondoka. Nimeishia darasa la saba, naandika taratibu, na uzi huu umenichukua siku tatu. Sijaongeza chumvi. Gereza silitaji, na jina la rafiki yangu nimelibadilisha. Mwenyewe ameniruhusu kuandika.

Nilifungwa miezi minane. Kosa langu lilikuwa mifuko minne ya sukari ya Malawi, niliyoishusha ufukweni Lyulilo kwa mtumbwi bila kulipia ushuru. Tulikuwa tumeambiwa biashara sasa ni huria. Kumbe ni huria kwa wenye malori. Lakini hilo si la leo.

Kwenye selo yetu tulikula wanne sinia moja. Mimi, nyampara wetu Asajile, Mkisi mmoja mwenye maneno mengi, na Lugano, mkulima wa mpunga wa Ndandalo.

Wanyakyusa wenzangu mnajua, kwetu kula na wa rika lako si habari ya njaa tu. Ndiyo ukwangala, kule kukaa na wenzako kunakokufanya uhesabike kuwa mtu. Ukitolewa kwenye sinia, umetolewa kwenye watu.

Lugano alikuwa mfagiaji wa zahanati ya gereza, asubuhi na jioni. Wafagiaji walikuwa sita. Zahanati yenyewe ilikuwa vyumba viwili.

Yule Mkisi hakuacha kumtania. "Watu sita, vyumba viwili? Mnafagia, au kuna sindano imepotea mnaitafuta?"

Lugano alicheka na sisi. Alikuja gerezani amekonda, na kila mwezi alizidi kunawiri. Tukasema ufagio una vitamini.

Ukweli niliujua baadaye. Nesi wa pale, askari wa makamo tuliyemwita Mama, ndiye aliyeupanga ufagiaji ule. Wote sita walikuwa wanaishi na virusi, na dawa za bure ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kufika. Walimezea mle ndani, ufagio mkononi, wakatoka. Hakuna aliyejua. Mama hakuuandika mpango ule mahali popote, na ulifanya kazi.

Siku moja likaja gari jeupe na watu wanne. Daktari wao, kijana msemaji mzuri, alitueleza uwanjani kwamba wanafanya utafiti, wanataka kujua wafungwa wenye virusi wanatibiwaje.

"Siri ya kila mtu italindwa," alisema. "Hatuandiki majina. Tunaandika namba tu."

Tulipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Waliwahoji wale sita zahanati, mmoja mmoja, saa za kufagia. Mpaka hapo sina neno. Ila kila aliyemaliza alipewa asante, mche mzima wa sabuni ya bluu.

Mtu wa nje hawezi kuelewa. Gerezani hakuna mwenye mche mzima. Sabuni hukatwa kwa uzi, kila mtu kipande cha kidole gumba. Mama aliwaambia wazi, wapeni wote au niachieni mimi. Daktari akajibu kuwa utaratibu unataka mshiriki apokee kwa mkono wake na aweke dole gumba kwenye karatasi.

Walijua utaratibu wao. Wa gereza hawakuuliza. Kila anayerudi kutoka kazini hupekuliwa mbele ya wenzake wote.

Basi wale sita wakapekuliwa. Miche sita ya bluu ikapangwa chini.

"Mmeiba wapi?" askari akauliza.

Mmoja wao akajibu kwa sauti ndogo, "Tumepewa na wale wa utafiti, afande."

Uwanja mzima ukajua hao ndio wenye virusi. Majina yao watafiti waliyaficha vizuri sana, kwenye makaratasi.

Chakula kilipoletwa jioni ile, Asajile alilivuta sinia upande wake.

"Lugano, wewe utakula kwenye mfuniko."

"Mfuniko wa nini, kaka?"

"Wa ndoo. Sabuni si unayo? Utauosha."

Selo ikacheka. Mimi nilikuwa na tonge mkononi. Nikalila. Hilo sitalipamba.

Kesho yake Mama alikuja mlangoni. "Lugano mwanangu, njoo ufagie."

"Mgongo unaniuma, Mama."

Ukauma wiki nzima, kisha mwezi, kisha miezi. Wengine watatu nao waliacha ufagio, na dawa. Sabuni yake aliitupa bombani, na hakuna aliyeigusa mpaka mvua ikaimaliza. Akaanza kukohoa. Uso wake ukarudi vile alivyokuja.

Gari jeupe likarudi. Daktari akasimama palepale uwanjani, akasema wamesikitika kuona wengi wameacha dawa, na kwamba tatizo la wafungwa ni elimu ndogo. Kwenye benchi pembeni yake kulikuwa na boksi la sabuni za bluu.

Wakuu, mimi ni yule ambaye shuleni jibu nalijua lakini nasema sijui, ili niambiwe nikae. Siku ile nilinyoosha mkono.

"Daktari, walikuwa wanameza. Wameacha kwa sababu ya sabuni yako. Lete za wote au usilete kabisa."

Akatazama karatasi yake. "Ndugu, wewe ni mshiriki?"

"Hapana."

"Basi kaa, tuwasikilize wahusika."

Wahusika wangesemaje? Kufungua mdomo pale ni kujitaja.

Mama hakubishana naye. Alilibeba lile boksi, akaliweka miguuni kwa Asajile, akasema, "Leta uzi." Sabuni zikakatwa palepale, vipande vya gereza zima. Daktari akaanza kusema hizo ni za washiriki. Mama akamwambia, "Andika zimepokelewa."

Tangu wiki ile zahanati ilifagiwa kwa zamu na selo zote. Lugano akarudi kwenye ufagio katikati yetu.

Na mimi, jioni ya siku ile ya boksi, nilihama, nikakaa kwenye mfuniko wa ndoo. Lugano akanitazama. "Umechelewa. Maharage yamekwisha."

Yupo hai, analima. Ila alipoacha dawa, zile za kwanza zilikataa kufanya kazi tena, na hizi za sasa anazifuata Mbeya. Nyumbani kwake mpaka leo hutakuta sabuni ya mche. Wanafulia ya unga.

Nilichojifunza ni kwamba ukiingia kwa watu kuulizia maisha yao, kwanza uliza wanaishije. Siri haikai kwenye karatasi, inakaa pale watu wanapokula.

Kama umewahi kufungwa, au umewahi kupita mahali na makaratasi ya utafiti, sema uliyoyaona. Hata ukinipinga nitakujibu, ila taratibu. Ndaga, asanteni.