Mama wa Wimbo wa Moshi

Fusae aliuona uchi wa mji mzima wa Noshiro, na hakumsema mtu. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya kile kiti kirefu cha hamamu, katikati ya upande wa wanaume na upande wa wanawake, apokee kiingilio, auze sabuni, awakemee watoto wanaokimbia kwenye vigae. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kwa Fusae hata meya hakuficha kitu. Saluni yangu inatazamana na hamamu ile, kwa hiyo nilikuwa namwona kila asubuhi ya baridi akikokoa theluji mlangoni kwa hasira, utadhani imemtukana.

Alikuja mjini kwetu akiwa bado kijana, mwembamba, ametoka kuugua kifua. Alianza kwa kuchochea moto wa maji, na mwenye hamamu alipozeeka akamwachia kiti. Hakuolewa. Tulimjua kuwa mtu asiye na ndugu wala jamaa, tukaridhika na hilo, maana ulimi wake ulikuwa mkali na hakuna aliyethubutu kumchimba.

Redio ya pale haikuzimwa. Ukipigwa wimbo wa Orihara Gen, maongezi yote yalikoma. Orihara hutunga mwenyewe na hupiga gita mwenyewe, na sisi wanawake wa rika langu tumeolewa kwa nyimbo zake, wengine tumeachika nazo. Mkubwa kuliko zote ni ule tunaouita wimbo wa moshi. Mtoto wa miaka minne ameambiwa mama yake amekufa. Anautazama moshi ukipanda kutoka mahali pa kuchomea maiti, anaupungia mkono, akidhani mama naye anampungia. Jamani! Tulikuwa tumekaa watu wazima, maji ya moto yametufika shingoni, tunaimba na kulia. Fusae peke yake alikuwa anakunja taulo.

"Dada Fusae, huo moyo au jiwe?" nilimtania siku moja. "Hata chozi?"

"Lieni taratibu," alisema. "Mtayapoza maji yangu."

Mwaka ule Orihara alitangaza kwamba anazunguka nchi mara ya mwisho kabla ya kustaafu, na Noshiro imo. Nilibandika bango lake kwenye kioo cha saluni. Fusae alikuja kupaka nywele dawa, akakaa akilitazama bango lile kwenye kioo kilicho mbele yake. Nilikuwa nyuma yake na brashi, nikipiga soga, nikimsifia Orihara jinsi alivyozeeka vizuri.

"Sumiyo," alisema. "Yule ni mwanangu."

Nilicheka. Kisha nikamwona kwenye kioo, nikaacha kucheka. Brashi ilinitoka mkononi, dawa ikamwagikia shingo yake, wala hakujipangusa.

Aliniambia bila kupandisha sauti. Jina la kweli la Orihara ni Yasuhiko, wa nyumba ya Kurahashi, watengeneza sosi ya soya huko bonde la Yokote. Fusae alikuwa mke wa nyumba hiyo. Alipoanza kutema damu, mama mkwe alimfungashia nguo zake, akamrudisha kwao, na talaka ikafuata. Mtoto alibaki, maana mtoto ni wa nyumba ya baba. Alipopona alirudi kumwona tu. Mama mkwe hakumfungulia hata lango.

"Sasa yule mtoto wakamwambiaje?"

"Sikujua. Halafu siku moja niko pale kwenye kiti changu, redio inamhoji mwimbaji kijana. Anasema amezaliwa kwenye nyumba ya sosi ya soya bondeni Yokote, mama yake, Fusae, amemfia akiwa na miaka minne. Halafu akaimba. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba nimekufa."

Miaka yote ile tulikuwa tunamlilia mtu aliyekaa juu yetu akituuzia sabuni!

"Na hukumwendea? Dada, wewe una akili kweli?"

"Niende nikasemeje? Mtu akishapata jina, mama zake huota kama uyoga. Wangenifukuza kama tapeli." Kisha akasema lililomkaa moyoni. "Lakini mimi nina miaka themanini sasa. Sitaki nife yeye bado akidhani hana mama."

Nikamwambia kama ni hivyo tutakwenda wote, hata kama nitamburuta.

Tamasha lilikuwa la mchana katika ukumbi wa manispaa. Fusae alivaa kimono ya kijivu ambayo sikuwahi kuiona. Orihara aliimba vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Kabla ya wimbo wa moshi aliweka gita magotini, akasema kwamba sauti ya mama yake ameisahau, na kwamba angetoa nyimbo zake zote aisikie tena mara moja. Ukumbi mzima ulitoa leso. Nilimfinya Fusae mkono. Ulikuwa wa baridi, lakini uso wake ulikuwa unang'aa kama wa bibi harusi.

"Umesikia?" aliniuliza. "Anataka kunisikia."

Baada ya tamasha, ukinunua sidii ulipanga foleni, Orihara akutilie sahihi na kukupa mkono. Tulisimama pamoja na nusu ya wateja wa hamamu. Nyuma yetu alikuwa Chiyono, mke wa muuza samaki, macho yamemvimba.

Tulifika mezani. "Niandike jina gani, mama?" Orihara aliuliza bila kuinua uso. Alikuwa amewaita hivyo vikongwe wote waliotutangulia.

"Fusae. Niliyekuwa nyumba ya Kurahashi. Yasuhiko, sikufa, mwanangu. Nilipona."

Kalamu ilisimama. Aliinua uso, nami nikayaona macho yale yale ya Fusae, nikashangaa tulivyokuwa vipofu miaka yote. Nilingoja aangue kilio. Orihara aliinama mbele, karibu kabisa na sikio la mama yake. Mimi nilikuwa nimemshika Fusae mkono, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Najua," alisema. "Bibi mzaa baba aliniambia kabla hajakata roho. Ni zamani sana."

"Unajua?"

"Wimbo ulikuwa umeshatoka. Nchi nzima ilikuwa inakulilia. Ningewaambia nini?"

Fusae hakuyumba.

"Waambie leo," alisema. "Watu si hawa hapa?"

"Kulikoni huko mbele?" Chiyono aliuliza. "Dada Fusae anaumwa?"

Orihara aliitazama foleni ndefu, leso mikononi. Kisha akasimama, na lile tabasamu la kwenye bango likarudi usoni pake. Aliwainamia watu wote kwa adabu.

"Samahani sana jamani," alisema kwa sauti. "Mama huyu alifiwa na mwanawe zamani. Wimbo umemchoma. Tafadhali mpeni maji."

Watu waliguna kwa huruma. Chiyono alianza kulia upya. "Maskini! Kumbe alikuwa na mtoto, na hakutuambia!" Mhudumu alileta glasi ya maji. Fusae hakuipokea. Alimtazama mwanawe kitambo, kisha akainama, chini kabisa, kama tunavyowainamia watu msibani.

"Asante kwa rambirambi," alisema.

Njia nzima nilikuwa natukana. Nitapiga simu redioni! Nitamwaga mtama hadharani, kila kuku asikie! Fusae alitembea tu, ananisubiri nikibaki nyuma.

"Utamwambia nani?" alinikatiza. "Chiyono ameshawaeleza wote kwamba mwanangu alikufa."

Tulipofika mlangoni kwake, pale pale hamamuni, nilitaka kumfungulia. Alinizuia mkono.

"Ngoja kwanza. Una chumvi kwako?"

"Chumvi ya nini, dada?"

"Sumiyo, umekulia wapi? Mtu akitoka mazikoni anaingia nyumbani hivi hivi, bila kunyunyiziwa chumvi ya kuondoa nuksi ya kifo?"

"Hakuna aliyezikwa!"

"Yeye mwenyewe ametangaza mbele ya watu. Nenda kalete."

Nilivuka barabara nikaleta kopo la chumvi ya jikoni. Alisimama wima na mikono kando, amefumba macho. Nilimnyunyizia kifuani, mabegani, miguuni, nikilia kwa sauti bila kujali wapita njia. Alijikung'uta, akavua viatu, akaingia ndani.